Kolekole wa Ijumaa

Habari ya talaka yangu niliipata kwa mke wa Pandu, aliyekuja kuazima kinu. Alikaa kitako ukumbini kwangu, pale Tibirinzi, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya kuku, kisha akashusha pumzi. "Bi Mize, mwenzangu," akasema, "Mungu akujaalie tu huyo samaki apatikane." Nikamuuliza samaki gani. Akajiziba mdomo kwa ncha ya leso, akaaga, na kinu akakisahau.

Ulikuwa mwaka ule tuliopiga kura mara mbili, watu wakigombana mpaka visimani. Mume wangu, Silima, alikuwa amestaafu ukarani katika ofisi ya kilimo hapo Chake. Mkubwa wake wa kazi, Mzungu mmoja mrefu mwenye shingo nyekundu, naye alikuwa amefunga mizigo kurudi kwao, na vile vilivyomshinda kubeba alimwachia Silima: hema la turubai, kiti cha kukunja, jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu, na fimbo ya kuvulia. Fimbo yenyewe ni ya mwanzi, nyembamba, ina kigurudumu cha kukunjia mshipi, na pamoja nayo kisanduku cha bati kilichojaa ndoana zilizovishwa manyoya ya ndege. Chambo hakuna. Samaki anatarajiwa auone unyoya, adhani ni mdudu, aumeze.

Huyo Mzungu alikuwa akimhadithia kwamba kwao kuna milima na mito ya maji baridi, na mtu akishastaafu humchukua mkewe, wakapiga hema mlimani, wakavua kwa manyoya, wakala, wakalala. Silima aliyameza hayo kuliko samaki yeyote. Pemba haina mlima wa kumchosha mbuzi, lakini bahari tunayo, na visiwa tunavyo, na wavuvi wetu tangu hapo huhamia visiwani na vyungu vyao wakakaa siku kadhaa kuvua. Kwetu hiyo huitwa dago. Wake hubaki nyumbani, na hakuna anayewaonea huruma.

Basi siku moja Silima akaichukua fimbo yake mpaka barzani, mbele ya duka la Mansukhlal, akaiunga vipande vyake na kuwaonesha wenziwe. Pandu, ambaye amezaliwa juu ya nyavu, akaigeuza geuza, akauliza, "Yakhe, hii ni ya kuvulia au ya kufukuzia kuku mpungani?" Barza nzima ikacheka, na Mansukhlal akacheka nyuma ya vitambaa vyake. Mume wangu huvumilia njaa, huvumilia homa, huvumilia hata ndugu zangu, lakini kuchekwa hakuwezi. Akasimama, akasema mbele ya watu wote: "Ijumaa hii, kabla adhana ya sala ya Ijumaa haijalia, nisipotua Mkoani na samaki niliyemvua mwenyewe kwa fimbo hii, Mize kaachika."

Hayo nilikuja kuyapata neno kwa neno baadaye. Siku ile, kwa vile nakijua kinywa cha mume wangu, samaki wa mke wa Pandu alinitosha kubahatisha; nilimngoja tu arudi Alasiri.

"Baba Siti," nikamwambia, "nasikia n'na talaka yangu iko baharini."

Akatundika kofia yake msumarini, polepole. "Nani kakwambia?"

"Si weye."

"Maneno ya barzani hayo, Mama Siti. Samaki atapatikana. Kwa nini nikutie wasiwasi bure?"

Nilitaka kumrushia kitu, na karibu yangu palikuwa na kile kinu, ambacho hakirusheki. Nikaketi.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza, je, mume na mke waliokwisha kuzeeka pamoja wanaachana kwa neno moja la mzaha? Huachana. Kwetu wanaume wana mtindo huo wa kuapa kwa talaka kama wengine wanavyoapa kwa roho za mama zao. Anataka kuaminiwa kwamba mbuzi wake ana mimba, anaapa kwa talaka. Na Silima alikuwa mwapaji tangu ujana wake. Mara ya kwanza aliapa kwamba sitakwenda harusini Wete. Mimi nilikuwa nimekwisha panda gari. Akanirejea baada ya wiki. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa upuuzi wake: alibishana na watu bandarini kwamba meli itafunga gati kabla ya Alasiri, akaapa, meli ikachelewa, nami jikoni nikakuna nazi na huku nimeachika bila kujua. Akanirejea asubuhi yake, kwa aibu, na kanga doti moja.

Mbili zimekwenda. Ya tatu haina rejea. Nilikwenda kwa Shehe Mbarouk, jirani yetu, nikamweleza kupitia pazia. "Binti yangu," akasema, japo tuko sawa kwa umri, "neno lililofungwa kwa sharti, sharti likitimia limepita. Hakurejei tena mpaka uolewe na mwingine, na huyo mwingine akuache kwa hiari yake. Mwambie mumeo avue." Akaongeza kwamba ataniombea, lakini alisema hivyo kama mtu anayemwombea mgonjwa wa siku nyingi.

Nyumba si jambo lililonitia hofu. Nyumba imejengwa katika kiwanja cha baba yangu na mikarafuu ya nyuma ni yangu, kwa hiyo ambaye angefungasha nguo zake ni Silima. Hofu yangu ilikuwa nyingine, na ilinitia hasira kuwa nayo. Nilimpenda yule mwanamume. Nilizoea kikohozi chake kabla ya Alfajiri na jinsi anavyoupulizia mchuzi maneno kabla ya kuuonja. Na kitu hicho chote, umri wetu mzima, yeye alikichukua akakifunga kwenye unyoya ili Pandu asicheke.

Alikuwa amekwisha panga kwenda kupiga hema kisiwani mpaka hiyo Ijumaa. "N'nakwenda nawe dago," nikamwambia.

Akafurahi, maskini. Alidhani nimevutiwa na ile hadithi ya milima. "Huko kwao pia huenda na wake zao," akasema. Sikumwambia kwamba nakwenda kumchunga. Mtu aliyeahidi samaki anaweza kununua samaki, na Pandu asijue, na barza isijue, nami nikalala kitanda kimoja na mwanamume aliyeniacha.

Jumatatu tukateremka Mkoani kwa gari, na kutoka hapo Kificho, mvuvi wa Makoongwe, akatuvusha kwa mtumbwi wake. Kificho ni mtu wa makamo, mpole, anayeongea kama anayelipia kila neno. Alitupeleka kwenye kijisiwa kilicho nyuma ya Makoongwe, kisicho na watu wala kisima, akateremsha madebe yetu ya maji, akalitazama hema, akaitazama fimbo, akanitazama mimi. Habari ilikwisha fika hata kwao. "Ntapita kila siku kukuangalieni," akasema. "Na Ijumaa asubuhi ntakuja kukuchukueni."

Hema lilikuwa la kwanza kutuonesha kazi. Limetengenezwa kwa vigingi vya chuma vya kupigiliwa katika udongo wa huko milimani, na sisi tulikuwa na mchanga. Silima anapigilia kigingi huku, kile cha kule kinang'oka. Nikamwambia tukate fito za mikoko tuzifukie, kama wanavyofanya wote. Akasema hema lina utaratibu wake. Tulilala usiku ule turubai limetukalia usoni, na kaa wakipita juu yake mmoja mmoja, kwa raha zao. Asubuhi akakata fito za mikoko, akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Jiko la Mzungu nalo lilikataa. Alilipiga pampu mpaka jasho likamtiririka, likatoa moshi mweusi na harufu, likazima. Nikapanga mafiga matatu, nikawasha kuni za ufuoni, nikachemsha muhogo. Akala bila kulitaja jiko, na jiko likabaki pale mbele yetu muda wote tuliokaa, safi, limeng'arishwa, halina kazi.

Kisha akaenda kuvua. Alijifunga kikoi magotini, akavaa kofia ngumu ya jua kama za Wazungu, akaingia majini mpaka mapajani. Kuvua kwenyewe si kutupa ndoana ukangoja. Lazima mshipi urushwe hewani, nyuma na mbele, nyuma na mbele, ukirefuka kila mara, mpaka unyoya ukatue taratibu juu ya maji kama mdudu aliyechoka. Kwa Silima haukutua taratibu. Ulitua mgongoni kwake. Ulinasa mkoko. Ulinasa hema. Mara moja ulinasa leso yangu nikiwa nimeinama kupuliza moto, na nilipopiga kelele akadhani amepata.

"Rudi nyuma, Mama Siti, unaniharibia nafasi," akasema.

Nilikaa mbali zaidi, juu ya jabali, nikamtazama. Maji yalikuwa mafu, yale ya mwezi nusu, hayapandi sana wala hayatoki sana, na samaki wakubwa hawasogei kina kifupi. Kila mtu wa pwani hupanga dago lake kwa mwezi. Mume wangu alipanga la kwake kwa hasira, na hasira haitazami mwezi. Alisimama pale mpaka jua likawa kichwani, akapumzika, akasimama tena mpaka Magharibi. Hakuna kilichomgusa.

Jumanne hiyo hiyo Kificho akapita, akatuletea changu wawili wazito, bado wanapiga mikia. Mate yalinijaa mdomoni. Silima akamrudishia.

"Asionekane samaki wa mtu hapano," akasema. "Watu watasema nimevuliwa."

"Basi nivue mie, kwa mshipi wangu wa mkono," nikasema. "Nitukaangie visamaki viwili, tule. Hivyo navyo watasema?"

"Hasa weye. Watasema mkewe kamvulia."

Kwa hiyo tulikaa katikati ya bahari ya Mungu, samaki wakiruka mbele ya macho yetu, tukila muhogo mkavu. Kificho aliwachukua changu wake, akasukuma mtumbwi bila neno, lakini nilimwona akitikisa kichwa. Niliona haya. Usubi ukatuuma, maji ya madebe yakaanza kunuka bati, na mkono wa kuume wa Silima ukavimba begani kwa kurusha. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Sikumkanda kwa mapenzi, nilimkanda kama mtu anayemtibu ng'ombe wake wa kulimia, kwa sababu bega lile ndilo lililoshika ndoa yangu. Yeye alifumba macho, akasema, "Unaona? Huku si kuzuri? Sie wawili tu." Nilitaka kulia kwa hasira.

Jumatano ndiyo siku niliyomkamata. Nilikwenda kuokota kuni upande wa pili, na niliporudi kwa njia ya mawe nikamkuta amechutama kwenye kidimbwi cha jabalini. Mkononi ana kolekole mdogo, hai. Mkono wa pili ana ndoana yake ya manyoya, anaisukuma katika taya ya yule samaki, na ulimi wake uko nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Aliposikia hatua zangu hakugeuka mara moja.

"Umempata wapi?" nikamuuliza.

"Kificho alipita."

"Umemnunua."

"Kanipa." Akajitetea kwamba angemfunga kwenye mshipi, angemwachia kidogo aogelee, kisha angemvuta. "Hapo n'takuwa nimemvua kwa fimbo hii, Mama Siti. Si uongo."

"Pandu atakubali," nikasema. "Na barza itakubali. Na Shehe Mbarouk, ukimficha la Kificho, naye atakubali. Kisha ukishavua kanzu yako ukaja kitandani, mie n'tajiona nimelala na nani?"

Samaki alikuwa akitweta mkononi mwake. Uso wa Silima ukawa wa mtu mzee, mzee kuliko siku alipokabidhi funguo za ofisi, na hapo nilimhurumia kuliko nilivyotaka. Akaitoa ndoana, akaingia majini, akamwachia kolekole. Yule samaki alikaa pale dakika nzima akijishangaa, halafu akapiga mkia na kupotea.

Tangu hapo alivua kwa namna nyingine. Hakujisifu tena wala hakutaja milima. Alirusha mshipi, akauvuta, akarusha. Na siku ya Alhamisi, kwa kurusha na kurusha, mkono ukajifunza wenyewe. Niliuona ule uzi ukinyooka hewani na unyoya ukatua juu ya maji bila hata kuchora duara. Ulikuwa mzuri kuutazama. Nilijikuta nikiomba kwa sauti, "Yarabi, mpe," na sikuwa naomba kwa ajili ya ndoa tu. Niliomba apate, kwa vile alivyokuwa amesimama pale amenyongʼonyea na hajaacha. Magharibi ikaingia, hajapata. Usiku ule nilimsikia akigeuka upande huu na upande huu, nikaunyoosha mkono gizani nikamshika kiganja, na yeye akakishika kwa nguvu mpaka akalala.

Ijumaa, baada ya sala ya Alfajiri, alirudi majini. Mimi nilikuwa nafunga vyombo. Nilisikia kigurudumu cha fimbo kikilia, mlio ambao hatukuwahi kuusikia, na nilipotazama, fimbo ilikuwa imepinda kama kijiti cha mishikaki kilichozidiwa na nyama, na Silima anakwenda nayo mbiombio, kofia imemdondoka, kikoi kinamvuka.

"Mama Siti," akaita. "Njoo na kapu."

Nikaingia majini na nguo zangu. Samaki alikimbia kulia, akakimbia kushoto, akaenda chini, na kila mara Silima alimfuata kwa upole ambao sikujua kuwa anao. Hakuvuta kwa nguvu. Alimchosha tu, hatua kwa hatua, mpaka nikaona ubavu wake mweupe ukigeuka karibu na goti langu. Nikamwekea kapu chini, nikamnyanyua. Kolekole, wa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na unyoya umemkaa pembeni ya mdomo kama jani la tambuu.

Tukakaa wawili mchangani tumelowa, tunacheka na kulia. Silima alinibusu kipaji mchana kweupe. Nilijihisi nimetuliwa gunia kichwani. Nilifikiri, imekwisha, tunarudi nyumbani, atakohoa kabla ya Alfajiri na mimi nitamlalamikia.

"Pandu," akasema Silima, akimgeuza samaki, "leo Pandu ataficha uso wapi? Nitamchukua hivi hivi mzima mpaka barzani. Nitamtundika mlangoni kwa Mansukhlal."

Akaendelea hivyo. Pandu hivi, barza vile, na uso wa fulani utakavyokuwa, na yale atakayosema yeye, na jinsi atakavyonyamaza kidogo kabla ya kuyasema. Nilingoja. Nilidhani baada ya Pandu patakuja jina langu. Muhogo ule, usubi ule, kule kuogopa kote, nilidhani mtu atageuka aseme, Mize, nisamehe. Alikuwa amekwisha fika kwenye jinsi Mansukhlal atakavyotoa sharubati.

"Baba Siti," nikamkatiza. "N'na ombi moja tu."

"Omba, mke wangu. Leo omba lolote."

"Usinitie tena kwenye kiapo. Basi. Nikikaa nyumbani nijue nimekaa na mume wangu, si na maneno yaliyosemwa dukani."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Hilo siwezi kumdhulumu. Machozi yalimlengalenga. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa moyo wake wote: "Wallahi, Mama Siti, mie nikiapa tena kwa talaka, basi umeachika."

Nilimtazama nikitaraji ajisikie. Hakujisikia. Alinipiga piga begani, akaridhika, akainuka kwenda kuling'oa hema, huku akiimba puani. Alikuwa ameniahidi kwa kitu kile kile nilichomwomba akiache, na aliona amenipa zawadi.

Nikabaki na samaki. Nilikaa naye pale kitambo. Nilihesabu mara nilizotolewa na kurudishwa maishani mwangu bila kuulizwa, na nikaona mbele jinsi itakavyokuwa: atabishana kuhusu mvua, kuhusu kura, kuhusu mbuzi wa mtu, na mimi nitakuwa jikoni nikikuna nazi, nikisubiri jirani aje kuazima kinu. Sikuwa na hasira tena, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa na njaa.

Moto ulikuwa bado una makaa. Nilimpara magamba, nikampasua, nikamtia chumvi na ndimu iliyobaki, nikambanika kwa kijiti cha kuti la mnazi lililoletwa na maji. Alikuwa na mafuta. Nilianza kula mgongoni, nikaenda tumboni, nikamaliza kwa kichwa, taratibu, kwa vidole vyangu, na sikumbuki kula chakula kitamu kama kile tangu ndoa yangu.

Silima alirudi na hema begani. Mtumbwi wa Kificho ulikuwa umekwisha zunguka ncha ya kisiwa, unakuja. "Harufu hiyo," akasema, huku anatabasamu. "Kificho katuletea changu?" Akachungulia kapuni. Akatazama mafiga. Akautazama ule mwiba mrefu juu ya jani.

"Samaki wangu yuko wapi?"

"Nimemla."

Alicheka. Kisha akautazama tena ule mwiba, akaacha kucheka, na hema likamteleza begani likaanguka mchangani. "Mize," akasema. Hakuwa akiniita hivyo, ila barzani. "Unajua ulichokifanya?"

"Najua. Mara mbili umeniacha mbele ya watu, mie sipo. Hii ya tatu nimetaka niwepo."

Hakunipiga, hakunitukana, si mtu wa hivyo. Aliinyakua fimbo yake, akakimbilia mtumbwini. Kificho alipoelewa alipiga kafi polepole makusudi, na njia nzima kutoka kijisiwani, tukaipita Makoongwe, mpaka Mkoani ikaonekana, Silima alisimama katikati ya mtumbwi akirusha ule unyoya, nyuma na mbele, nyuma na mbele. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mimi nilikaa mbele, nimempa mgongo, nimejitanda buibui. Kila mshipi ulipokata upepo juu ya kichwa changu moyo wangu ulisimama, na sikujua unasimama kwa kumwombea apate au akose. Mpaka leo mtu akiniuliza sina jibu la kumpa.

Maji yakawa mafupi. Kificho akakaza kafi mchangani, mtumbwi ukakwama, na hapo hapo kutoka msikitini juu ya bandari muadhini akaanza. Silima akaishusha fimbo. Alishuka majini kabla yangu, akageuka, na kwa mazoea, bila kufikiri, akaninyooshea mkono anishushe. Kisha akasikia adhana vizuri. Mkono ukabaki pale hewani baina yetu, ule ule uliokuwa umenishika kiganja usiku, na si wangu tena. Nikajifunika uso, nikashika ukingo wa mtumbwi, nikashuka mwenyewe.